Gesi ya Kiyoyozi Haiishi

Gesi ya kupikia huisha. Mtungi unautikisa, unausikia mwepesi, unamtuma kijana dukani. Gesi ya kiyoyozi siyo hiyo. Haichomwi, wala haitumiki ikapungua. Imefungiwa ndani ya bomba la shaba tangu siku mashine ilipowekwa ukutani, inazunguka kutoka ndani kwenda nje na kurudi, ikibeba joto la chumba chako na kwenda kulimwaga uani. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka 10 kwa gesi ileile ya siku ya kwanza. Ikipungua, ujue kuna mahali imepenya ikatoka, na mahali hapo panatakiwa kutafutwa na kuzibwa.

Naanza na hili kwa sababu kila mwaka, joto la Januari na Februari linapoikamata Dar es Salaam, simu ninazopigiwa ni za namna moja: "Fundi, AC haipozi, njoo na gesi." Mwenye nyumba ameshajipima ugonjwa na kujiandikia dawa. Fundi mwenye haraka atakuja na mtungi, ataunganisha mpira, atajaza, atapokea pesa yake na kuondoka. Wiki mbili tatu hazipiti, joto limerudi palepale. Sisemi hivi kuwasengenya wenzangu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa bado nambebea fundi wangu mkoba wa spana, nilifundishwa kazi hivyohivyo, na nimejaza gesi kwenye mashine ambazo hazikuwa na shida ya gesi. Ndiyo maana nataka usome haya kabla hujapiga simu.

Februari moja niliitwa kwenye nyumba ya ghorofa huko Buguruni. Chini kuna mashine ya kusaga nafaka, juu anakaa mama mmoja na binti yake na mjukuu wa miezi miwili. Mtoto alikuwa ameota vipele vya joto kuanzia shingoni mpaka kwenye mikunjo ya mapaja, na usiku halali. Nilimwamkia yule mama, akaitikia, na kabla sijakaa akaniambia, "Mwanangu, nimeshajaza gesi mara tatu tangu Desemba. Kama na wewe umekuja kujaza, niambie mapema nijue."

Nikamwomba anionyeshe kwanza mashine ya nje. Ilikuwa kwenye ukuta wa nyuma, ndani ya kizimba cha nondo kilichochomelewa kwa kuogopa wezi. Upande wa nyuma, pale hewa inapoingilia, mapezi ya alumini hayakuonekana kabisa. Vumbi la unga na pumba kutoka chini lilikuwa limevutwa na feni siku baada ya siku, likalowana kwa unyevu wa usiku, likakauka kwa jua la mchana, mpaka likagandamana kama ukoko wa wali. Nilikwangua kwa ukucha, kikabanduka kipande kinene kama chapati. Mama akakichukua, akakigeuzageuza mkononi, akauliza, "Hiki ndicho kilichokula pesa yangu?"

Ndicho. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto kutoka hapa kwenda pale, na mashine ya nje ndiyo mlango wa kulitolea. Mlango ukizibwa, gesi inarudi ndani ikiwa bado na joto lake, nayo kompresa, ile pampu inayoizungusha gesi, inahangaika, inapata moto, wakati mwingine inajizima yenyewe ili isiungue. Ndani utaona feni inapuliza kama kawaida na rimoti inaonyesha nyuzijoto 18, lakini hewa ni ya uvuguvugu. Ukiongeza gesi juu ya hali hiyo unaongeza mzigo, kwa sababu gesi iliyozidi nayo inapunguza ubaridi na inaweza kuiua kompresa. Siku ile sikufungua mtungi kujaza. Niliosha, nikapima, nikakuta mgandamizo umepita kiasi kwa ile mijazo mitatu, nikaivutia gesi ya ziada kwenye mtungi mtupu. Nilipokuwa nakusanya vyombo vyangu, mtoto alikuwa amelala begani kwa bibi yake.

Kwa hiyo kabla ya yote, zunguka nyuma ya nyumba ukaangalie. Usiridhike kutazama ile feni ya mbele. Ingiza kichwa uone mgongo wa mashine. Utakuta mambo ambayo hukuyategemea: mfuko wa nailoni umenaswa, majani ya mwembe, kiota cha ndege, mkeka ulioanikwa na kusahaulika, maboksi ya duka la jirani yamepangwa mpaka juu. Mashine inahitaji nafasi ya kiganja na zaidi kwa nyuma, na mbele yake pawe wazi angalau mita moja. Kizimba cha nondo hakina ubaya. Ubaya ni kizimba kilichozungushiwa mabati, kwa sababu hewa ya moto inayotemwa mbele inagonga bati, inazunguka na kuingia tena nyuma. Mashine inapumua pumzi yake yenyewe.

Kuosha unaweza mwenyewe kama mashine iko chini, mahali unapofika bila kupanda. Zima kwenye swichi kuu ya mashine, siyo kwa rimoti tu. Vumbi kavu litoe kwa brashi laini ukifuata mapezi kuelekea chini, maana yanapinda kama karatasi na yakipinda yanaziba njia ya hewa. Halafu tumia mpira wa maji ya kawaida, mkondo mpole. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze hapo. Sehemu ya umeme iliyo pembeni usiielekezee maji. Iache ikauke saa moja au mbili ndipo uwashe.

Kuna kosa moja la mji wetu ambalo sijaliona likiandikwa. Nyumba nyingi za Dar zina kisima, na maji ya visima vingi ni ya chumvi. Ukiosha mapezi ya alumini kwa maji hayo, umeyapaka chumvi wewe mwenyewe. Kwa wakazi wa karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, au Nyali kule Mombasa, upepo unawaletea chumvi ya kutosha bila msaada wenu. Nimeshika mapezi ya mashine ya ufukweni, yakamomonyoka kwenye vidole kama majivu, mashine ikiwa na miaka minne tu. Anayeishi upande huo aioshe kwa maji baridi ya bomba au ya mvua kila miezi miwili mitatu, suuza tu, na ataongeza maisha ya mashine yake.

Sasa rudi ndani. Filta ziko nyuma ya kifuniko cha mbele, unakiinua kwa mikono miwili pembeni na kinabaki juu chenyewe. Ni nyavu mbili laini za plastiki. Zichomoe, zielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Kama huoni upande wa pili, umeshapata sababu moja. Osha kwa maji na sabuni kidogo ya vyombo, ukimwaga maji kutoka upande usio na vumbi ili lisukumwe kutoka, kausha kivulini, rudisha. Katika mtaa wa barabara ya vumbi fanya hivi kila wiki mbili. Fundi hahitajiki, na sipendi kulipwa kwa kazi hii, ingawa wapo wanaonilipa.

Filta chafu ina ujanja wake unaowachanganya watu. Hewa ikipungua kupita kwenye koili ya ndani, koili inazidi kuwa baridi mpaka unyevu unaganda juu yake kuwa barafu. Barafu nayo inaziba kilichobaki. Mwenye nyumba anaona barafu na maji yanadondoka kwenye ukuta, anasema mbona baridi ipo, lakini chumba hakipoi. Ukiona hivyo, zima, weka kwenye hali ya feni peke yake saa mbili tatu mpaka iyeyuke yote, osha filta, jaribu tena. Usichokonoe barafu kwa kisu. Koili ni nyembamba, na kisu kimoja kinaweza kukugeuzia tatizo la bure kuwa la mamia ya maelfu. Barafu ikirudi na filta ni safi, hapo ndipo tunaanza kuizungumza gesi.

Rimoti nayo iangalie, hasa nyumba yenye watoto. Alama ya theluji ndiyo ya kupoza. Tone la maji ni kukausha hewa, alama ya feni ni kupuliza tu, na jua ni kuongeza joto, kwa mashine zenye uwezo huo. Nimewahi kuvuka jiji zima, kutoka Mbagala hadi Tegeta, kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Na tafadhali, usishushe hadi nyuzijoto 16 ukidhani chumba kitapoa haraka. Kwa mashine ya kawaida isiyo ya inveta, kompresa inawaka au imezimika, haina kukimbia zaidi kwa sababu umeandika 16. Utakachopata ni mashine isiyopumzika.

Baada ya hayo, pima. Nunua kipimajoto cha chumba, siyo kile cha homa. Funga milango, washa kiyoyozi kwenye theluji, feni kasi ya juu, acha dakika 20. Weka kipimajoto juu ya mashine pale inapovutia hewa, subiri kitulie, soma. Kisha kishike kwenye mdomo wa mashine pale inapopulizia. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, mashine yako ni nzima, tatizo liko kwenye chumba. Ikiwa nyuzi 3 au 4, mashine haifanyi kazi yake. Namba hiyo iandike, maana ukimwambia fundi "inavuta 30 inatoa 26," atakuheshimu na atajua hawezi kukudanganya.

Kipimo kingine kiko kwenye mita yako ya LUKU. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia kwa muda mfupi, acha kiyoyozi peke yake. Soma uniti zilizobaki, soma tena baada ya saa moja. Mashine ya kawaida ya BTU 12,000 ikifanya kazi mfululizo itakula uniti moja hivi. Kama imekula sehemu ndogo tu ya uniti na chumba bado kina moto, basi kompresa haikuwaka kabisa, ulikuwa unapepewa na feni ya ndani. Kwa inveta hesabu inabadilika, kwa sababu hupunguza na kuongeza yenyewe, lakini kwenye joto kali na chumba kikiwa bado cha moto nayo haiwezi kukaa kimya.

Kompresa isipowaka, usikimbilie kuizika. Kwanza subiri. Umeme ukikatika na kurudi, mashine nyingi hujizuia dakika 3 hivi kabla ya kuwasha kompresa, ili mgandamizo utulie. Pili, angalia saa ngapi inagoma. Kama mchana inapoza na inakataa kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, mtaa mzima unapowasha taa, pasi na viyoyozi, basi huenda umeme unaokufikia ni mdogo. Nyumba zinatakiwa kupata volti 230. Zikishuka chini ya 200, kompresa inakoroma bila kuwaka, na kukoroma huko ndiko kunakoiunguza. Omba fundi umeme apime saa hiyohiyo ya usiku, siyo saa nne asubuhi. Kama ni laini ya mtaa, toeni taarifa TANESCO pamoja na majirani. Na kifaa cha kulinda umeme, kama kile cha friji lakini cha uwezo wa kiyoyozi, kinalipa gharama yake siku ya kwanza kinapokata badala ya kuacha mashine iungue.

Tatu ni kapasita. Ni kikopo cha duara kilicho ndani ya mashine ya nje, kazi yake kuisukuma kompresa na feni zianze kuzunguka. Ikichoka, utasikia mashine ya nje inavuma sekunde kadhaa, kisha inabofya na kunyamaza, inarudia hivyo kila baada ya dakika chache. Mara nyingi kikopo chenyewe kinakuwa kimevimba juu. Ni kipuri cha bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa, na kuna watu wameuziwa kompresa nzima kwa ugonjwa wa kapasita. Lakini hapa nakusihi: usifungue mwenyewe. Kapasita inashikilia umeme hata baada ya kuzima swichi, na inaweza kukurusha. Kijana niliyekuwa naye kazini aliigusa kwa kidole akiwa juu ya ngazi. Alivunjika mkono kwa kuanguka, na namshukuru Mungu ulikuwa mkono tu.

Chumba chenyewe nacho kina maneno. Dada mmoja wa Kimara alikuwa na mashine mpya ya BTU 9,000 kwenye sebule iliyoungana na jiko, juu bati bila dari, madirisha ya luva ambayo vioo viwili vilishapotea. Tofauti ya kipimajoto ilikuwa nyuzi 11. Mashine haikuwa na kosa lolote. Kwa pwani yetu, chumba chenye dari cha mita 3 kwa 4 kinaridhika na 9,000, cha 4 kwa 4 kinataka 12,000, na sebule ya mita za mraba 24 inataka 18,000. Chini ya bati tupu hesabu hizo hazitoshi, na pesa ya kuongeza mashine kubwa ni bora uiweke kwenye dari. Pazia zito upande wa jua la alasiri linafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pangaboi ukiliwasha pamoja na kiyoyozi, nyuzijoto 26 utazisikia kama 24.

Ukumbuke pia kwamba hewa ya Dar imebeba maji. Sehemu ya nguvu ya mashine inakwenda kuyakamua hayo maji, siyo kushusha joto. Weka ndoo chini ya ule mpira unaotoa maji nje. Mashine ya BTU 12,000 yenye afya, wakati wa unyevu mwingi, inaweza kukamua hata lita moja kwa saa. Mpira ukiwa mkavu kabisa siku ya jasho, ama umeziba na maji yanakwenda ukutani, ama koili haipati baridi. Na kila unapofungua dirisha dakika tano, unairudisha kazi hiyo mwanzo.

Ikiwa umepita kote huko na bado tofauti ni nyuzi 3, basi gesi inaweza kuwa imepungua kweli. Dalili zinaonekana kwa jicho. Kwenye mashine ya nje kuna mabomba mawili, jembamba na nene. Mashine ikiwa nzima, lile nene ni baridi na linatoka jasho. Gesi ikipungua, jembamba linaota ukungu wa barafu kwenye nati huku nene halina baridi ya maana. Angalia nati zenyewe, ndani na nje: ukiona doa la mafuta limeshika vumbi, hapo ndipo inapotokea, kwa kuwa gesi husafiri na mafuta ya kompresa.

Fundi akifika, muulize swali moja: "Imetokea wapi?" Akijibu kwamba gesi huisha tu, mshukuru kwa nauli aliyotumia na umwache aende. Fundi wa kweli atatafuta kwa povu la sabuni kwenye kila nati na kila mahali palipochomelewa. Penye tundu povu litafura kama maziwa yanayotaka kumwagika. Kama haoni, ataondoa gesi na kupandisha mgandamizo kwa naitrojeni. Ukimwona anataka kutumia oksijeni ya kuchomelea, mzuie, hata kama atachukia. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya kompresa chini ya mgandamizo, inaweza kulipuka.

Baada ya kuziba, avute hewa kwa pampu nusu saa hivi, siyo kufungua gesi ipulize hewa itoke kama wengi wanavyofanya. Hewa na unyevu vikibaki ndani, unyevu unaganda kwenye njia nyembamba na kutengeneza tindikali inayoila kompresa polepole. Kisha ajaze gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, kwa uzito uliopo hapo, akitumia mizani. Mashine za zamani zina R22, ambayo inapunguzwa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, kwa hiyo itazidi kuwa adimu. Nyingi za baadaye zina R410A au R32, nazo zimewekwa kwenye ratiba ya kupunguzwa na Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016 kwa ajili ya joto zinaloongeza angani. Hazichanganywi. R410A ina mgandamizo mkubwa kuliko R22, na R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo asichomelee bomba lenye gesi ndani, na sigara aiache nje ya geti. Gesi yoyote iliyobaki aivutie mtungini, asiifungulie hewani.

Akimaliza, mpime tena kwa kipimajoto chako mbele yake, na pesa ya mwisho itoke baada ya namba hiyo. Kisha mpe kalamu ya wino mzito aandike pembeni mwa mashine ya nje, chini ya kivuli cha kifuniko ambapo mvua haifiki: tarehe, aina ya gesi, gramu alizojaza, na nati aliyoiziba. Fundi atakayekuja baada yake, nikiwa mimi au mwingine, ataanzia hapo.